Kanisa Linalomsahau Msahihishaji Wake

Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na tarehe 31 Oktoba, sisi wachungaji wa Kilutheri hupanda mimbarani tukahubiri nyundo. Tunamwonyesha Martin Luther akigongelea hoja zake 95 kwenye mlango wa kanisa la Wittenberg mwaka 1517. Vijana wanaigiza kwa nyundo ya kweli na ubao, kwaya inaimba, watoto wanashangilia. Nami nimehubiri hivyo mara nyingi. Lakini ni nani aliyetuambia habari za mlango? Luther mwenyewe aliandika mengi kupita kiasi, na bado hakusimulia popote kwamba aligongelea kitu. Kwa muda mrefu shahidi wa kwanza tuliyemjua alikuwa Philipp Melanchthon, aliyeandika mwaka 1546, Luther akiwa ameshazikwa. Kisha mwaka 2006 wasomi wakaelekeza macho yao kwenye maneno machache ya Kilatini yaliyoandikwa kwa mkono mwishoni mwa nakala moja ya Agano Jipya ya mwaka 1540, inayotunzwa Jena, Ujerumani. Maneno hayo yanasema kwamba siku ya kuamkia Watakatifu Wote mwaka 1517 hoja za Luther zilibandikwa kwenye milango ya makanisa ya Wittenberg.

Mkono ulioandika hayo haukuwa wa askofu wala wa profesa. Ulikuwa wa msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji. Jina lake Georg Rörer.

Naandika makala hii nikiwa na ugomvi, na afadhali niuseme mapema ili msomaji asije akadhani ninasimulia historia tu. Kanisa letu linawaheshimu wanaonena na kuwadharau wanaoandika, na wale wanaosahihisha yaliyoandikwa linawadharau zaidi ya wote. Tunalipa kwa ajili ya spika, magitaa na mahema ya mikutano, na tunapofika kwenye vitabu tunasema fedha zimekwisha. Rörer ni shahidi wangu katika kesi hii, na namleta mbele yenu washarika kwa sababu ninyi ndio mnaotoa sadaka na ndio mnaoketi kwenye vikao vinavyoamua ziende wapi.

Alizaliwa mwaka 1492 Deggendorf, Bavaria. Alisoma Leipzig, akafika Wittenberg mwaka 1522, mtu mzima wa miaka 30 tayari, akaketi darasani kwa Luther kama mwanafunzi. Tarehe 14 Mei 1525 Luther alimwekea mikono awe shemasi wa kanisa la mji, na kwa hesabu za watu wa historia hiyo ndiyo ibada ya kwanza ya kumbariki mtumishi wa Kanisa kwa utaratibu wa kiinjili pale Wittenberg. Ndugu mchungaji unayesoma hapa, ukitafuta aliyetangulia kwenye mstari wa wale waliopigiwa magoti na kuwekewa mikono namna yetu, utamkuta mtu huyu ambaye huenda hukuwahi kusikia jina lake. Mimi nafundisha historia ya Kanisa katika chuo cha theolojia, na kila mwaka nawauliza wanafunzi wangu wapya kama wanamjua. Bado sijapata anayejibu ndiyo.

Sasa tazama alichokifanya. Tangu mwisho wa mwaka 1522 alikuwa akienda kanisani na karatasi na wino. Luther alihubiri bila kuandika mahubiri yake neno kwa neno. Alikuwa na vidokezo vichache, pengine hata hivyo hakuvifuata. Aliyotamka yangeishia masikioni mwa waliokuwepo, kama yanavyoishia mahubiri yetu mengi, ambayo kufikia Jumatatu asubuhi hata mhubiri mwenyewe hayakumbuki. Rörer aliketi akayakamata. Alijitengenezea hati mkato yake mwenyewe, akichanganya Kilatini na Kijerumani, maana Kilatini kilikuwa na vifupisho vingi alivyovizoea tangu shuleni. Luther alisema Kijerumani, mkono wa Rörer ukaandika nusu Kilatini, na jioni alikaa na kuyapanga upya. Fikiria mtu anayesikia mahubiri ya Kisukuma na kuyaandika kwa Kiswahili cha vifupisho papo hapo, wala asipotoshe maana. Alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, na maandishi yaliyobaki yanajaza zaidi ya juzuu 30.

Mwaka 1528 Luther alihubiri mfululizo juu ya Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana na Sakramenti. Mahubiri hayo ndiyo shamba ambalo Katekisimu zote mbili za mwaka 1529 zilichipuka, na tunayo leo kwa kalamu ya Rörer. Mwaka 1531 Luther alifundisha darasani Waraka kwa Wagalatia. Hakuandika kitabu, alifundisha tu. Rörer na wenzake wakaandika, wakapanga, na mwaka 1535 kikatoka kitabu. Luther alipokipitia akaandika katika dibaji kwamba ni shida kwake kuamini kuwa alikuwa na maneno mengi kiasi kile, ila mawazo aliyatambua kuwa ni yake. Kitabu hicho, ambacho mwandishi wake hakukiandika, kilimwangukia mikononi fundi wa masufuria wa Uingereza aitwaye John Bunyan, naye akakiri kwamba baada ya Biblia hakuna kitabu alichokipenda kuliko hicho kwa ajili ya dhamiri iliyojeruhiwa. Mei 1738, Charles Wesley akakisoma London siku chache kabla ya kupata amani ya moyo. Ukiimba wimbo wa Charles Wesley, ujue kwamba kabla ya wimbo huo palikuwa na shemasi mmoja Wittenberg aliyechovya kalamu kwenye wino kwa miaka mingi na vidole vikauma.

Nimesema kalamu, lakini nisimfanye kuwa mashine. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kikahamia Jena, na mkuu wa nchi akamtaka Luther aondoke pia. Luther akakataa, akabaki pamoja na mchungaji wa mji Johannes Bugenhagen na mashemasi. Rörer alikuwa mmoja wao. Mke wake, Hanna, alikuwa dada yake Bugenhagen. Tarehe 2 Novemba mwaka ule, baada ya kujifungua mtoto aliyekufa, Hanna naye akafa kwa tauni. Kifo hicho kilimtikisa Luther vibaya, maana Katharina wake naye alikuwa mjamzito. Kabla ya hapo mtu angeweza kumwambia Rörer kwamba kazi ya karatasi haina haraka, kimbia na mke wako, utarudi kuandika hali ikitulia. Alibaki. Alizika, alitembelea wagonjwa, na maandishi ya mahubiri yakaendelea. Sijui kama mimi ningeweza.

Wale wanaosema kwamba kazi ya maandishi ni ya watu waoga wa vumbi la uinjilisti, wanaokaa ofisini penye kivuli, waende wakaseme hivyo kwenye kaburi la Hanna.

Tuje kwenye Biblia. Biblia nzima ya Luther ilitoka mwaka 1534 kwenye kiwanda cha Hans Lufft, lakini haikuishia hapo, kwa sababu Luther hakuacha kuirekebisha. Johannes Mathesius, aliyekaa mezani kwa Luther, ametusimulia vile vikao: Melanchthon akija na Kigiriki chake, wengine na Kiebrania, wengine na vitabu vya marabi, kila mmoja amejiandaa, wanakutana nyumbani kwa Luther kabla ya chakula cha jioni na kubishana juu ya neno moja. Katika kuwataja waliohudhuria, Mathesius anamtaja pia Rörer, msahihishaji. Huyo hakuja kubishana. Alikuja kuandika walichokubaliana, na daftari za vikao vyake zipo hadi leo. Wakitawanyika kwenda kula, kazi yake ilikuwa ndiyo kwanza inaanza: kubeba maamuzi yale hadi kwa Lufft na kuhakikisha kwamba fundi anayepanga herufi za risasi, moja moja, kinyumenyume, hakosei.

Mtu ambaye hajawahi kusoma prufu hawezi kujua uchovu wake. Msomaji wa kawaida husoma maana, na macho yake huruka makosa kwa sababu akili inajaza yenyewe. Msahihishaji lazima asome kama mtu asiyejua sentensi inaelekea wapi, herufi kwa herufi, na wakati huohuo ajue kabisa inapaswa kwenda wapi. Lufft alichapa Biblia ambazo zinakadiriwa kufika 100,000 katika maisha yake, akatajirika, akawa meya wa Wittenberg. Simlaumu, uchapaji nao ni kazi. Lakini hakuna aliyemfanya msahihishaji kuwa meya.

Na kazi ya msahihishaji inaonekana siku ambayo hakuifanya. Mwaka 1631 huko London ilitoka Biblia ya Kiingereza ambayo katika amri ya uzinzi neno la kukataza lilidondoka, ikawaamuru Wakristo wazini. Wachapaji wake, Robert Barker na Martin Lucas, walitozwa faini ya pauni 300. Waingereza waliangusha neno zima. Kwa Kiswahili hatuhitaji hata neno: ondoa herufi mbili tu katikati ya “usizini” uone kinachobaki. Lugha yetu imebeba sheria yote ya Mungu kwenye silabi moja, “si”, na silabi hiyo ni nyembamba kama sindano.

Nayasema haya kwa sababu nimewahi kuiangusha.

Nilikuwa mchungaji wa usharika, kijana, mwenye haraka. Nilipewa kazi ya kuandaa kijitabu cha mafundisho ya kipaimara. Katika usharika wangu alikuwapo mzee mmoja mstaafu ambaye kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji cha Kanisa. Jina lake nalihifadhi. Alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, “Baba Mchungaji, nimesikia mnachapa kitabu. Kama inafaa, nipe nikipitie, siku nne tu.” Nilimshukuru, nikamwambia hatuna siku nne, stationery wanataka kazi kesho, watoto wanaanza darasa Jumamosi. Akasema, “Haya, Mungu awabariki,” akaondoka. Tukachapa nakala 800.

Mwaka uliofuata, siku ya mtihani wa kipaimara mbele ya washarika wote, nikamuuliza binti mmoja swali juu ya wokovu. Akajibu kwa sauti ya kujiamini, sawasawa na kitabu: tunaokolewa kwa neema, kwa matendo. Nikadhani amejikwaa. Nikamuuliza wa pili, naye akasema vilevile. Wa tatu vilevile. Silabi “si” ilikuwa imedondoka kwenye kompyuta, na watoto wetu walikuwa wamekariri kwa mwaka mzima, kwa bidii, kinyume cha kile ambacho Kanisa lao lilizaliwa ili kukisema. Sehemu kubwa ya washarika hawakushtuka, na hilo lilinitisha kuliko kosa lenyewe. Yule mzee alikuwa benchi la tatu. Baada ya ibada akanishika mkono, akasema taratibu, “Mchungaji, ile mimi ningeiona.”

Hakuna mahali aliponisema. Alipofariki, miaka kadhaa baadaye, ni mimi niliyeongoza mazishi. Wasifu wa marehemu ukasomwa: watoto, wajukuu, mwaka aliochaguliwa kuwa mzee wa Kanisa, mchango wake wa mabati kwenye ujenzi. Juu ya kazi yake ya maisha ilikuwapo sentensi moja, kwamba aliwahi kufanya kazi kiwandani. Vitabu vya nyimbo vilivyokuwa mikononi mwa waombolezaji wakati ule, huenda kuna kurasa alizozipitia yeye kwa kalamu nyekundu kabla hatujazaliwa baadhi yetu. Nami katika mahubiri yangu sikusema neno juu ya hilo. Sikuwa nimesahau. Niliona haya, kwa sababu ningelazimika kueleza.

Basi nikisema Kanisa letu linawadharau watu hawa, nimeanza na dharau yangu. Sasa nije kwenu.

Nimekaa kwenye vikao vya bajeti vya kutosha kujua jinsi neno “vitabu” linavyopita. Linafika mwisho wa ajenda, wajumbe wamechoka, chai imeshapoa, mtu anasema, “Hilo tuliweke pembeni hadi fedha zipatikane.” Fedha za vipaza sauti zilipatikana asubuhi. Halafu kuna sababu tatu ambazo hutolewa kila mara, nami nimezisikia mpaka naweza kuzisema usingizini.

Ya kwanza ni kwamba watu wetu hawasomi. Hii ni kuwasingizia. Nenda kituo cha mabasi chochote uone vinauzwa nini: vijitabu vya kuvunja laana za ukoo, ndoto na maana zake, maombi ya usiku wa manane ya kurudisha nyota iliyoibwa. Vinanunuliwa, vinasomwa, vinaazimwa mpaka vinachanika. Mama aliyeninyooshea kimojawapo aniulize kama ni kweli alikuwa mshiriki wa Kilutheri tangu ubatizo. Alikisoma chote, mara mbili, ana alama za penseli. Anasoma sana. Sisi ndio hatukumwandikia kitu. Aliyekiandika kile alilipa mchoraji wa jalada, akalipa mchapaji, akakifikisha stendi. Sisi tulikuwa tunasubiri fedha zipatikane.

Ya pili ina sura ya kiroho, na ndiyo ninayoikataa kwa nguvu zaidi: kwamba Roho hunena, karatasi ni mambo ya wasomi. Mlutheri akisema hivyo amesahau nyumba aliyozaliwa. Luther alipambana maisha yake yote na watu waliodai kuwa na Roho pasipo Neno la nje, lile linalosikika kwa sikio na kuonekana kwa jicho, lenye maji, mkate, divai na wino. Kwetu sisi Roho hajionei aibu kupita kwenye wino. Na Biblia yenyewe haioni aibu kuwataja waandishi wake wa mkono. Katika Yeremia 36 nabii anasema na Baruku anaandika. Mfalme Yehoyakimu anakata gombo na kulitupa motoni kipande kwa kipande, naye Baruku anaketi na kuliandika upya lote, na mengine yakaongezwa. Nabii alinena mara mbili. Mwandishi aliandika mara mbili. Mwishoni mwa Waraka kwa Warumi yupo Tertio anayetoa salamu kwa jina lake, mwandishi wa waraka ule. Paulo hakumwambia akae kimya.

Sababu ya tatu ni ya vijana, nayo ina haki yake: siku hizi mambo yote yako kwenye simu. Sawa. Simu ni mashine ya kuchapa iliyo mfukoni mwa kila mtu, nami naishukuru. Lakini ni kiwanda kisicho na msahihishaji. Mnajua ule usemi wa mti wa mtofaa, kwamba Luther angejua dunia inaisha kesho, leo angepanda mti? Unazunguka kila Oktoba kwenye makundi yetu ya WhatsApp ukiwa na picha ya Luther chini yake. Nimeuhubiri mimi mwenyewe, na nilishangiliwa. Haupo popote katika maandishi ya Luther, na dalili za kwanza za kuwepo kwake zinapatikana mwaka 1944. Tunawezaje kujua kwamba haupo? Kwa sababu kuna watu walioandika alichokisema, wakakitunza, wengine wakakichapa kwa uangalifu. Mahali pasipo na Rörer, mtu yeyote anaweza kumtia Luther maneno mdomoni, na Yesu pia.

Najua atakayenijibu kwamba hata huyu Rörer hakuwa malaika. Ni kweli, na sitaki kumpaka rangi. Luther alikufa Februari 1546. Biblia iliyotoka mwaka huohuo ilikuwa na mabadiliko katika Agano Jipya, hasa katika Warumi, ambayo hayakuwemo katika ile ya 1545. Rörer alisema yalitokana na vikao vya masahihisho ambavyo Luther mwenyewe alikuwepo, na alikuwa na daftari. Wengine wakalia kwamba msahihishaji anamrekebisha marehemu. Katika hilo naona alisema kweli. Lakini kuna jambo la pili ambalo ni gumu kulitetea. Katika toleo la Wittenberg la kazi zote za Luther, ambalo Rörer alilisimamia, kifungu kimoja kikali ambacho Luther alikuwa ameandika dhidi ya Martin Bucer kiliachwa. Msomaji hakuambiwa. Nikolaus von Amsdorf na wenzake walipiga kelele, na ni sehemu ya sababu iliyofanya toleo jipya lianzishwe Jena.

Hapo nakiri palikuwa na kosa, na ni kosa la kazi yenyewe. Anayeshika prufu anashika ufunguo wa ghala. Anaweza kuficha gunia moja na asijulikane. Ndiyo maana nasema tusimpe kazi hii yeyote aliyepo, mtoto wa jirani mwenye kompyuta, bali mtu aliyefundishwa na kulipwa, anayewajibika na kuombewa kwa jina. Kazi isiyo na hatari mtu hahitaji kuombewa ili aifanye.

Luther, kwa mshangao wa wengi, hakutaka vitabu vyake vikusanywe kabisa. Katika dibaji ya juzuu ya kwanza ya Kijerumani, mwaka 1539, alisema angependa vyote visahaulike ili watu wasome Maandiko yenyewe, kisha akaeleza mambo matatu yanayomfanya mtu awe mwanatheolojia: sala, tafakari, na jaribu. Nawafundisha wanafunzi wangu mambo hayo matatu kila mwaka. Lakini angalieni: tunaijua dibaji hiyo kwa sababu wapo waliomshinda Luther kwa upole na kukusanya vitabu hivyo hivyo. Na mwaka 1537 mkuu wa Saksonia, Johann Friedrich, alikuwa amemwondolea Rörer zamu za ushemasi na kumpangia malipo ili afanye kazi ya maandishi tu. Serikali ya karne ya 16, yenye vita mlangoni, iliona kwamba mtumishi mmoja akae chini asahihishe. Sisi tunawatoa wachungaji sharikani wawe waratibu wa miradi, wasimamizi wa hosteli, na nimemwona mmoja akisimamia kisima. Sijawahi kuona aliyetolewa ili ahariri.

Vita vilipokuja, mwaka 1547, mkuu huyo alitekwa na Wittenberg ikaangukia mikono mingine. Rörer akaondoka na masanduku yake ya maandishi. Mwaka 1551 alikwenda Denmark, kwa Mfalme Christian III, na mwaka 1553 akaitwa Jena kwa ajili ya toleo jipya. Alikuwa na miaka zaidi ya 60. Juzuu za kwanza zilitoka mwaka 1555. Alifariki tarehe 24 Aprili 1557, toleo halijakamilika. Masanduku yakabaki Jena, na watu wakayasahau kwa zaidi ya miaka 300. Mwishoni mwa karne ya 19 ndipo mchungaji Georg Buchwald alipoyafungua, akajifunza kusoma ile hati mkato iliyochanganya lugha mbili, na mamia ya mahubiri ya Luther ambayo hakuna aliyekuwa ameyasoma tangu siku yalipotamkwa yakaingia kwenye vitabu.

Katika mkutano mkuu ujao wa usharika wako, rasimu ya bajeti itagawiwa. Tafuta mstari wa vitabu. Kama haupo, simama uulize, hata kama chai imeshapoa. Kama upo, uliza katika fedha hizo ni kiasi gani cha kumlipa mtu atakayesoma kabla ya kuchapa, na huyo mtu ni nani. Na kama katika usharika wako kuna mzee aliyewahi kufanya kazi hiyo, nenda nyumbani kwake wiki hii umwandike, ukiwa na daftari: alisahihisha vitabu gani, mwaka gani, kosa gani lilimkosesha usingizi. Mimi sikumwandika wa kwangu. Kijitabu cha kipaimara tulikichapa upya, na kwenye ukurasa wa pili, chini kabisa, niliomba liwekwe jina lake. Waliniambia hakuna nafasi.